Kanda ya Kumi na Moja

Mke wa Fundi Mrefu hakubisha. Alipoiona karatasi ya upekuzi mkononi mwa Inspekta alijifunga kitambaa cha kichwa upya, akachukua ufunguo juu ya kabati na kutangulia kupanda ngazi hadi juu ya paa. Alikuwa akieleza huku anapanda: mumewe alizileta zile kanda Ijumaa jioni, zote ndani ya mkoba wa sokoni, akazianika moja moja kama mtu anayeanika nguo za mtoto mchanga. Tangu wamchukue kumweka ndani hakuna aliyezigusa.

Inspekta alisimama akazitazama. Kanda ishirini, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, zilipangwa juu ya gunia lililopasuliwa, vifuniko vyake vimefunguliwa ili jua lipate kuingia. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili aliamini kazi imekwisha. Siku mbili nzima alikuwa akitafuta kanda zilizoibwa, na mtu wa getini alikuwa ameapa kwamba alimwona Fundi Mrefu akitoka hospitali na mkoba uliojaa.

Alichuchumaa, akaokota ya kwanza. Kibandiko chake kilisema Jumatatu. Ya pili, Jumanne. Ya tatu, Jumatatu tena. Alizipitia zote ishirini; za Alhamisi, zile alizozitafuta, hakuona hata moja. Alipoinua moja kwenye mwanga aliona tope jekundu limekaa katikati ya mizunguko ya utepe, na utepe wenyewe umegandana ukawa kitu kimoja.

"Alisema zikikauka, huenda mojawapo ikasema neno," mke wa Fundi alisema. "Mimi nilimwambia zimekufa. Akaniambia nisiwe na mdomo mbaya."

Inspekta alizirudisha kwenye gunia vilevile zilivyokuwa. Alishuka ngazi pole pole, maana magoti yake hayakuwa ya juzi.

Mkasa wenyewe ulianza Ijumaa asubuhi, pale bomba lilipopasuka juu ya dari la chumba cha seva katika hospitali ya saratani. Ndani mlikuwa na seva mbili. Moja ilitunza mipango ya wagonjwa wa mionzi: mwale upite wapi, kwa pembe gani, kwa nguvu kiasi gani, kwa kila mgonjwa mpango wake. Makaratasi yaliachwa miaka miwili nyuma, kila kitu kikahamia humo. Ya pili ilitunza hesabu ya stoo ya dawa. Maji yaliziua zote mbili, pamoja na kasha la kanda za kila siku, zinazonakili yaliyomo kwenye seva, lililokuwa sakafuni. Kanda za Alhamisi zilipona, kwa kuwa hizo hufungiwa kwenye sefu ya chuma ofisini kwa matroni. Watu walishukuru Mungu. Wakaichukua ya mwisho, namba kumi na nne, wakaisoma: glavu, bandeji, sindano, dripu. Hakuna mgonjwa. Wakachukua ya kumi na tatu: glavu, bandeji, sindano. Wakairudia ya kumi na nne kwa kutoamini macho yao, na mashine ya kusomea, iliyokuwa imelowa nayo, ikaitafuna.

Ndipo neno wizi lilipotajwa: kanda za kweli zimeibwa, zikawekwa za stoo mahali pake. Fundi Mrefu, mwangalizi wa seva ya mionzi, akawekwa ndani, na kesi akapewa Inspekta ambaye wenzake kituoni walimwita Inspekta Tena, kwa sababu hakuna mshitakiwa aliyewahi kumweleza jambo mara moja tu akaachiwa kunywa maji.

Daktari wa mionzi alikuwa amemweleza hali ilivyo bila kupamba. Wagonjwa thelathini na nane walikuwa katikati ya tiba. Leo Jumatano walikuwa wamekosa mwale wa nne. Kesho ungekuwa wa tano, na kuanzia hapo ugonjwa huanza kurudisha kile ulichonyang'anywa. Kumpima mtu mmoja upya tangu mwanzo, picha zake na mahesabu yake, kulikuwa kunakula siku mbili kamili. Thelathini na nane mara mbili, kila mtu aliweza kupiga hesabu hiyo kichwani.

Kwa hiyo Inspekta alikuwa akiomba jambo ambalo polisi haombi. Alikuwa akiomba mwizi awepo. Mwizi ana mahali pa kuficha, na mahali pa kuficha hufikiwa.

Kutoka kwenye paa alikwenda moja kwa moja mahabusu. Fundi Mrefu alikuwa amekaa kwenye benchi fupi, amejikunja kama kitanda cha safari, magoti yanakaribia kidevu. Alikuwa hajanyoa. Inspekta alimwambia kwamba kanda za paani ameziona, na kwamba amesadiki habari ya kuzikausha. Sasa alitaka kusikia mwenendo wa kazi.

Akamweleza. Mashine ya kuandikia kanda ilikuwa moja, na uongozi ulikataa kununua ya pili, basi waya wake ukagawanywa: mmoja kwenye seva yake, mwingine kwenye seva ya stoo. Kanda nayo ilikuwa moja kwa siku. Mionzi huandika kwanza, stoo huandika baadaye, kuanzia pale mionzi ilipoishia. Kila siku saa sita na nusu, watu wakienda kula, yeye alitia kanda, akaanzisha kazi na kuondoka. Akirudi saa nane alikuta kwenye kioo imeandikwa "Imekamilika." Hapo alimwachia mwenzake mashine.

"Hebu nieleze tena. Ulimwachiaje?"

Fundi alitazama chini. "Kwa kitambaa, afande."

"Kitambaa gani?"

"Chekundu. Nikianza kazi nakitundika juu ya mashine. Nikimaliza nakitoa. Yeye anachungulia kwenye kioo cha mlango. Akikiona hagusi kitu, asipokiona anakwenda mezani kwake anaanzisha yake."

Inspekta aliuliza kwa nini watu wazima wawili, wenye simu mfukoni, wasiambiane kwa mdomo. Fundi alijikuna ndevu. Walikuwa hawasemeshani, mwaka wa pili sasa. Waligombana kwa sababu ya feni ya mezani, nani aliivunja, na hadi leo kila mmoja alikuwa na uhakika ni mwenziwe.

"Na Alhamisi? Alhamisi ina tofauti gani?"

"Siku nyingine naandika yaliyobadilika tu. Alhamisi naandika yote. Ndiyo siku ndefu kuliko zote. Mara nyingine narudi saa nane naikuta ndiyo kwanza imemaliza."

Inspekta aliliandika hilo, akapiga mstari chini yake, ingawa wakati huo hakujua kwa nini.

Mtunza seva ya stoo alikuwa na meza yake jengo la pili, ng'ambo ya uwanja wa hospitali. Watu walimwita Bwana Stoo, na jina lilikuwa limemkaa: mnene, nadhifu, kalamu nne mfukoni, kila kitu mezani kimenyooshwa. Alimkaribisha Inspekta kwa adabu zote, akamfutia kiti. Juu ya mwenzake hakutaka kusema mengi, ila alisema yale machache yaliyotosha. Kwamba ni mtu wa dharau. Kwamba hata feni ya watu aliivunja asiombe radhi. Lakini wizi, hapana, hilo asingemsingizia. Huyo bwana ni mvivu wa kuiba.

Inspekta alimwuliza namna anavyofanya kazi zake, akapata maelezo yale yale ya kitambaa, neno kwa neno. Hapo walipatana hao mahasimu.

"Tena Alhamisi ndiyo siku yangu nzuri," Bwana Stoo aliongeza, akitabasamu. "Jamaa huwahi kumaliza. Saa saba hivi kitambaa hakipo, naanzisha zangu, dakika ishirini nimemaliza, natoka mapema."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Hebu nieleze tena."

Akaeleza tena, tabasamu likipungua. Mara ya tatu akatoa daftari lake kwenye droo, maana alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Inspekta alilivuta karibu na dirisha. Jumatatu, saa nane na dakika tano. Jumanne, saa nane na dakika nane. Alhamisi, saa saba na dakika tano. Akarudi nyuma wiki hadi wiki, kidole kikiteremka. Kila Alhamisi ilikuwa saa saba na dakika kadhaa.

Mmoja wao anadanganya, alijiambia. Fundi anasema Alhamisi huchelewa, huyu anasema huwahi. Aliuliza maswali makali sasa, na Bwana Stoo akaanza kujifuta shingo kwa leso, akiapa kwa wanawe. Ni hapo kidole cha Inspekta kilipokwama. Alhamisi moja, ya nne kurudi nyuma kuanzia ile ya mwisho, ilikuwa imeandikwa saa nane na dakika kumi.

"Hii je?"

Bwana Stoo alivaa miwani. "Siku hiyo kitambaa hakikutoka. Nilichungulia mara tatu. Nilirudi kula, nikaja tena, bado kipo. Nilijua amefanya makusudi kunikomoa."

Mtu anayetunga uongo hauchafui kwa kutia ndani yake siku moja iliyomnyima kutoka mapema. Inspekta alilifunga daftari, akaomba aondoke nalo.

Getini palikuwa na kitabu kingine, cha funguo, kimefungwa kwa kamba kwenye msumari kisitembee. Alisoma akiwa amesimama juani. Ufunguo wa chumba cha seva ulichukuliwa na watu watatu tu: Fundi Mrefu kila siku, Bwana Stoo mara chache, na mtu wa tatu, Alhamisi kwa Alhamisi, saa saba kasoro dakika ishirini, kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayeandika jina lake na si zaidi. Alikuwa mama wa usafi. Alihesabu kurudi nyuma. Alhamisi ya nne haikuwa na mstari wake.

Alimkuta kwenye korido ya mionzi, kwa magoti, anasugua alama ya maji ukutani. Hospitali nzima ilimwita Mama Ndoo, na yeye mwenyewe aliitikia. Inspekta alikaa naye chini palepale sakafuni, jambo lililomfurahisha yule mama, akamwomba amweleze kazi yake ya Alhamisi.

Mama Ndoo alieleza kwa raha, kama mtu aliyesubiri miaka aulizwe. Chumba kile ni cha mitambo, vumbi halitakiwi, na mafundi wakiwemo hawamwachii nafasi, basi yeye huingia wakila. Hufuta madirisha kwanza, halafu vioo, halafu hupiga deki kurudi nyuma kuelekea mlangoni asikanyage alipopiga.

"Na kile kitambaa chao chekundu nakifua," alisema. "Kilikuwa kinanuka, mwanangu, ungekiona. Wanaume wawili na kitambaa kimoja na hakuna anayekifua. Nikakichukua siku moja nikakifua kwa sabuni yangu, nikakianika dirishani, kikikauka nakirudisha palepale nilipokitoa. Tangu hapo kila Alhamisi. Hawajanishukuru, lakini sikufanya kwa ajili ya shukrani."

Inspekta alilifungua daftari la Bwana Stoo. Halafu akauliza, sauti yake ndogo, kuhusu ile Alhamisi ambayo hakuingia.

Siku hiyo aliomba ruhusa, Mama Ndoo alisema. Alimsindikiza mdogo wake, tumbo moja, kuja kuandikishiwa mpango wake wa mionzi hapa hapa, vipimo vikiwa vimekwisha. Uvimbe wa shingo. Sasa yuko pale kwenye mabenchi na wenzake, tangu Ijumaa, anasubiri mashine zao zipone. Inspekta aliandika "ruhusa", akainuka kwa kushika ukuta, akamshukuru, akaenda karibu kukimbia.

Katika chumba kilichonuka tope alimkuta daktari wa mionzi na mzee mmoja fundi wa redio waliyemwita Babu Waya. Huyu ndiye aliyeikausha mashine ya kanda kwa pumzi ya feni siku mbili mchana na usiku, na ndiye aliyejua hali yake. Itameza moja zaidi, alisema. Ya pili sitii mkono wangu. Mashine nyingine ya aina ile ilikuwa njiani, ingefika baada ya siku tisa. Mkononi alikuwa ameshika kanda namba kumi na mbili.

"Weka chini hiyo, mzee wangu," Inspekta alisema.

Akawaeleza. Mwizi hayupo. Aliposema hivyo aliuona uso wa daktari ukianguka, maana naye alikuwa akiomba mwizi awepo. Inspekta alichukua daftari la Bwana Stoo akaonyesha nalo. Chukulieni watu wawili wanaandika kwenye daftari moja, hawaonani. Wa kwanza yuko ukurasa wa hamsini, anaendelea. Wa pili anadhani mwenziwe amemaliza, anaanza kama kawaida yake, kwa kurudisha daftari hadi jalada asome jina. Mashine haijui nani kaamuru, inatii wote. Alama ya mwisho wa habari haijawekwa bado, basi wa pili anaandika pale pale mwanzoni, juu ya maneno ya wa kwanza. Wa kwanza hajui chochote, anaendelea kuandika mkia wa habari ambayo kichwa chake kimefutwa. Wote wawili wanaandika mwishoni kwamba wamekamilisha, na wote wawili wanasema kweli.

"Kila Alhamisi?" daktari aliuliza.

"Kila Alhamisi tangu kitambaa kianze kufuliwa. Kasoro moja. Siku ambayo hakikufuliwa, mmoja alimsubiri mwenziwe mpaka mwisho. Ni namba kumi na moja."

Babu Waya hakuafiki moja kwa moja. Kumi na mbili ni mpya zaidi, alisema, na wagonjwa wake ni wengi zaidi. Inspekta alimjibu kwamba kumi na mbili ina glavu na bandeji. Mzee alimtazama daktari. Daktari alimtazama Inspekta.

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nimewakosea watu thelathini na nane, na sina cha kuwaambia."

Daktari alikwenda mwenyewe kwa matroni, akarudi na kanda ndani ya viganja viwili, kama anayebeba yai. Babu Waya aliifuta, akaipuliza, akaisukuma ndani kwa kidole gumba. Mashine ilikohoa. Ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena, kukawa na mlio mwembamba kama kucha juu ya bati, na mzee akafumba macho. Ilichukua dakika arobaini na tano. Hakuna aliyekaa.

Kisha kwenye kompyuta ya kuazima zikaanza kushuka namba. Hazikuwa za glavu. Kila namba ilikuwa mgonjwa, na chini yake pembe, kina, nguvu. Daktari aliweka mkono mdomoni. Miale iliyokwisha pigwa tangu siku ile isingekuwemo, alisema baadaye, lakini hiyo kila mgonjwa anayo kwenye kadi yake; mpango ndio usiokumbukika. Alihesabu wale walio kwenye mabenchi. Ishirini na wanne walikuwemo. Kesho asubuhi wangepanda mezani.

"Wa mwisho ni mia tatu na kumi na moja," alisema. "Kumi na wanne waliobaki waliandikishwa baadaye. Hao tutawapima upya." Hakusema nani atatangulia. Kumi na wanne, siku mbili mbili.

Inspekta alikuwa tayari ameshika simu kuagiza Fundi Mrefu aachiwe. Alipogeuka alimwona Mama Ndoo amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Mdogo wangu ni mia tatu na kumi na nne," Mama Ndoo alisema. "Tuliandikishwa siku hiyo hiyo ya ruhusa yangu. Atakuwemo."

"Saa ngapi, mama?"

"Tulipanga foleni asubuhi. Tukaitwa wakishatoka kula."

Daktari alitazama pembeni. Kanda ilikuwa imeanza kuandikwa saa sita na nusu. Inspekta alimweleza hivyo, polepole, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani asiombwe kueleza tena. Mama Ndoo hakuomba. Aliiweka ndoo chini.

"Ningekuja kazini siku ile, hata hawa ishirini na wanne wasingekuwemo."

"Ndiyo."

"Na nisingekuwa nakifua, angekuwemo na yeye. Kwenye zile kanda za baadaye."

Inspekta alifungua mdomo kusema kwamba kosa ni la waliokataa kununua mashine ya pili, na la wanaume wawili na feni yao. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema. Mama Ndoo aliyasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mgeni.

Babu Waya alikuwa amekwisha chapa orodha. Inspekta aliichukua ili akawasomee watu wa kwenye mabenchi, maana minong'ono ilikwisha wafikia na walikuwa wamesimama, wengine wameshikana mikono. Mama Ndoo alinyoosha mkono wake wenye maji.

"Nipe mimi. Mimi wananijua."

Alisimama mbele yao. Akasoma namba moja baada ya nyingine, kidole chini ya kila moja, kwa sauti ya darasani, asiruke, asiharakishe. Kila namba iliposomwa mtu mmoja aliketi chini kwa ghafla kama amekatwa kamba. Mwanamke mwembamba mwenye shali shingoni alikuwa bado amesimama, anamtazama dada yake, anatabasamu, anasubiri zamu yake. Mama Ndoo alisoma mia tatu na tisa. Alisoma mia tatu na kumi na moja. Akaigeuza karatasi, nyuma ilikuwa nyeupe, akaikunja mara nne.

Kisha alikwenda akamshika mdogo wake mkono, akamketisha, akaketi kando yake, akaanza kumweleza kila kitu tangu mwanzo.